Afande wa Njia ya Mikaratusi

Katika mtaa wetu wa Busia, upande wa Uganda, mbwa hujitembeza wenyewe. Hutoka alfajiri, huzunguka mabanda ya nyama, hupigana, na jioni hurudi na kidonda kipya. Kwa hiyo mtu mzima aliyemfunga mbwa kamba na kutembea naye barabarani kila asubuhi, polepole, kama anayempeleka mgonjwa hospitali, alikuwa kioja. Madereva wa malori walitoa vichwa madirishani wakacheka. Yeye hakucheka nao wala hakukasirika. Aliwasalimu kwa sauti yake nzito, akapita.

Tulimwita Afande. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, na kiwanja chake kilipakana na changu. Ua wa minyaa tu ndio uliotutenganisha. Alikuwa mrefu, mkavu, na masika au kiangazi alivaa gambuti. Mbwa wake alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika, na jina lake lilikuwa Kuruta. Kamba ilikuwa mkanda wa kufungia mizigo, ule ambao madereva huutupa ukichakaa. Kabla hawajatoka alimsimamisha mlangoni na kumwamuru, "Kuruta, mguu sawa." Kuruta alikaa chini akajikuna. Afande alingoja kidogo, kisha akatoka naye, kana kwamba amri imetiiwa.

Mimi nauza chai na mandazi karibu na geti la mpaka. Wateja wangu ni madereva wanaolala kwenye foleni, na dereva akiamka anataka kitu cha moto mara moja. Ndiyo maana natoka nyumbani giza likiwa bado halijapasuka vizuri, sufuria kichwani, na ndiyo maana nilimfahamu Afande kuliko wengi. Sisi wawili tulikuwa watu wa saa ile.

Kwanza niseme nilivyomwogopa. Namwogopa mbwa yeyote, hata mtoto wa mbwa, na aliyemshika kamba nilimwogopa zaidi. Ilisemekana aliua watu vitani. Ilisemekana hakuwa amestaafu bali alifukuzwa. Ilisemekana ana bunduki aliyoifukia chini ya jiko. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Nilipomwona anakuja nilivuka barabara, na yeye, akiniona nimevuka, alimvuta Kuruta pembeni kwake ili nafasi kati yetu iwe kubwa zaidi. Nilidhani ni dharau. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba ilikuwa adabu.

Kumbe yeye mwenyewe alikuwa mwoga kuliko mtaa mzima. Sijui nitumie neno gani jingine. Kanisani alikaa benchi la mwisho, mgongo ukutani, na mahubiri yakirefuka sana alitoka nje akasimama dirishani. Hakuingia chumba chenye mlango mmoja. Radi ikipiga alifunga nyumba na hatukumwona mpaka kesho yake. Aliogopa sindano. Mara moja alipougua, dada wa zahanati alimfuata hadi kwenye ua wangu, na Afande akajificha nyuma ya tangi langu la maji, kichwa kikionekana. Hakuwahi kuvuka mpaka, hata kwenda kununua sukari upande wa Kenya ilipokuwa rahisi. Alifika karibu na geti, akageuka.

Lakini akikuta nyoka alimwinua kwa fimbo na kumpeleka kwenye mafunjo, akimwambia maneno ya pole. Walevi wenye visu waliopigana nje ya baa aliwaendea katikati, mikono mitupu, akawatenganisha kama majogoo. Nilipomuuliza hilo linakuwaje alinijibu kwa Kiswahili chake cha kambini, ambacho hakikubadilika hata baada ya miaka ya kuishi karibu na watu wa Kenya: "Mama Nabwire, hiyo mimi naona na macho. Mimi naogopa ile hapana onekana."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo, na aliyasema kana kwamba anatoa maelekezo ya njia. "Kama mtu nasema usiogope, uliza yeye nataka nini." "Ukisikia kitu nyuma, geuka polepole, sababu pengine ni mtu yako." Jingine alilipenda sana, na alimwambia mbwa zaidi ya watu: "Naogopa, natembea."

Sasa Taaka. Taaka aliuza mayai ya kuchemsha na kachumbari, meza yake jirani na yangu. Mwanamke mcheshi, mwenye kicheko cha kuamsha watu. Kutoka mtaani kwetu kwenda mpakani kuna njia ya mkato, inayopita kando ya shamba la mikaratusi na kuteremka kwenye kinamasi kabla ya kuibukia barabara kuu. Sote tuliipita. Asubuhi moja Taaka hakufika. Jua lilipopanda, wanawake waliokwenda kukata majani walimkuta chini ya mikaratusi, amenyongwa kwa leso yake mwenyewe, mayai yake hayajaguswa.

Nilikuwa sijawahi kuijua hofu ya namna ile. Hofu ya kawaida ina mahali pake: unaogopa mto, huendi mtoni. Hii ilikaa ndani ya nyumba. Niliogopa sauti ya bati likijikunja kwa baridi. Niliogopa wateja wangu, nikitazama mikono yao wanaposhika kikombe. Wanawake wengine waliacha kwenda sokoni mapema. Mimi sikuweza; mume wangu alikuwa ameshafariki, na Nabwire, binti yangu, alikuwa bado shule ya msingi. Nilijaribu kuzunguka kwa barabara kubwa, lakini huko nako kuna sehemu ndefu isiyo na nyumba wala taa.

Ndipo nilipokwenda kwa Afande. Nilisimama nje ya minyaa, mbali na mbwa, nikamwambia naomba tuwe tunatoka pamoja asubuhi. Akasema, "Ndiyo, mama," na akaingia ndani upesi, kama mtu aliyekuwa karibu kulia. Sikuelewa.

Tukaanza kutembea. Yeye mbele na Kuruta, mimi nyuma hatua kadhaa, sufuria kichwani. Hakutaka tuache njia ya mikaratusi. Nilimsihi tuzunguke, akakataa. Kila asubuhi alitaka kupita palepale, na tulipofika alipunguza mwendo, akamulika tochi kwenye miti, shina baada ya shina. Mwanga uliruka juu ya magome meupe na mimi nikadhani naona watu kila mahali. Na hapo, nitasema kweli, wazo lilinijia: je, kama ni yeye? Ni mwanamume gani mwingine ambaye huwa nje saa ile? Anajuaje hasa pa kumulika? Nilimtazama mgongo, mikono mirefu, na ule mkanda aliouviringisha kwenye kiganja. Nilitembea hivyo asubuhi nyingi. Niliogopa njia, nikaogopa mbwa, nikamwogopa mtu anayenilinda, na kesho yake nilimgongea tena kwa sababu kumwogopa nikiwa naye kulikuwa afadhali kuliko kuwa peke yangu.

Tulipotoka kwenye kinamasi mambo yalibadilika. Kulikuwa kunapambazuka. Madereva walipiga mswaki kando ya magurudumu, wakisukutua kwa maji ya chupa. Wanaume wenye baiskeli za miguu mitatu, wale wasioweza kutembea, walikuwa wameshapanga magunia ya mahindi wakingoja geti lifunguliwe, na Afande alimsalimu kila mmoja wao kwa saluti kamili. Vijana wa bodaboda waliota moto wa maboksi. Akina mama wa omena walimwaga samaki kwenye maturubai, na Kuruta alinusanusa mpaka mwili wote ukatetemeka, lakini hakuvuta kamba. Afande alisimama kutazama hayo yote kama mtu anayehakikisha kwamba dunia ipo. Kisha akanitua sufuria, akageuka, akarudi alikotoka. Polepole nilianza kuzipenda asubuhi zile. Ilifika siku nikampa Kuruta kipande cha andazi kwa mkono wangu. Alikichukua kwa midomo tu, meno hayakunigusa.

Siku moja tulipokuwa tumeshafika mpakani, habari zikatukuta: Akoth, msichana muuza samaki, ameshambuliwa kwenye njia nyingine, ile ya nyuma ya kinu. Alipona, lakini alipoteza jicho la kushoto. Aliyemshika alimtokea nyuma, kwa hiyo hakumwona. Nilimgeukia Afande. Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, katikati ya watu, akimkumbatia mbwa wake shingoni. Nikaona aibu na nafuu kwa pamoja, maana sasa nilijua si yeye. Alikuwa na mimi.

Wengine hawakujua hivyo. Maneno yalianza siku ileile. Nani huamka mapema? Nani hutembea na mbwa huku na huku bila kazi? Nani alishaua? Jumamosi walikuja. Niliwasikia kabla sijawaona, kwa sababu umati una sauti yake hata kabla ya kupiga kelele. Nilipotoka, uwanja wa Afande ulikuwa umejaa watu ninaowajua: wateja, waimbaji wa kwaya, vijana wa steji ya bodaboda. Mbele alikuwa Wandera, kijana wa bodaboda, mtu wa adabu, aliyewabeba watoto wengi wa mtaa kwenda shule na kuwashika mkono wakivuka. Siku hiyo alikuwa na tairi kuukuu begani. Alisema kwa sauti ya juu kuliko wote kwamba dada zetu wanaisha na sisi tunaangalia.

Afande hakukimbia. Alikaa chini mlangoni pake, miguu ameinyoosha mbele, mikono juu ya magoti ili waione, mkanda wa Kuruta kwenye kifundo cha mkono. Alitetemeka waziwazi. Aliponiona alisema kwa upole, "Mama Nabwire, ingia ndani."

Sikuingia. Sijui kwa nini. Nilipita katikati yao nikasimama karibu na mbwa.

"Asubuhi ile ya Akoth alikuwa na mimi," nilisema. "Tulitoka pamoja, tukafika mpakani pamoja. Kama ni yeye, basi na mimi ni muuaji. Anzeni na mimi."

Mtu akasema nimenunuliwa. Aliyetuokoa ni mama yake Akoth. Alikuja kutoka nyuma, bado amevaa nguo alizolala nazo hospitalini, akasema binti yake hakusikia mbwa. Alisikia pumzi ya mtu na njuga ndogo, kama za funguo, na hakukuwa na mbwa. Alilisema mara kadhaa bila kupandisha sauti, na watu wakaanza kutazama chini, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kama waliokumbuka kazi nyumbani. Lakini aliyekuja kuua huona vibaya kuondoka mikono mitupu. Jiwe lilitoka upande wa steji. Lilimpata Kuruta kichwani, na hakulia hata kidogo.

Afande alimzika nyuma ya nyumba. Baada ya wiki hiyo alifunga nyumba akahamia kwa dada yake karibu na Rubongi, nje ya Tororo. Hakuniaga; asubuhi nilikuta tochi yake imetundikwa kwenye mnyaa, upande wangu.

Mwenyekiti wa mtaa aliunda zamu za ulinzi, polisi wakaanza kupita na gari, na mashambulizi yakakoma. Hakuna aliyekamatwa. Watu walirudia njia ya mikaratusi. Wengine walisema, kwa sauti ya chini, kwamba yalikoma kwa sababu Afande alikwenda zake. Miaka ikapita. Nabwire akaingia sekondari.

Mwaka jana nilikwenda msibani Rubongi. Tulipomaliza kuzika nikaulizauliza, nikaelekezwa kwenye duka dogo la sabuni na chumvi. Afande alikuwa amekaa nje, kwenye kiti cha plastiki, mwamba wa Tororo umesimama nyuma yake na vumbi la kiwanda cha saruji limeyafanya majani meupe. Alikuwa amekonda mno, akikohoa. Aliponitambua alijaribu kusimama, nikamzuia. Dada yake, mama mnene mwenye maneno machache, alituletea chai.

Tulizungumza ya kawaida. Mvua. Bei za sukari. Nani amekufa. Kisha akauliza, "Nabwire namna gani?"

Nikamwambia ni mzima, amekuwa mrefu kunizidi, shule ni mbali lakini Wandera wa steji humpeleka na kumrudisha kila siku.

Aliweka kikombe chini. Chai ikamwagika kidogo, hakuipangusa.

"Toa mtoto kwa hiyo pikipiki," alisema.

Nikamuuliza kwa nini. Alinisimulia akitazama barabara, na nasimulia kama alivyoniambia. Asubuhi aliyouawa Taaka alikuwa akipita na Kuruta. Alimkuta Wandera anatoka kwenye mikaratusi akisukuma pikipiki, injini imezimwa, mikono imelowa hadi kwenye viwiko kama mtu aliyenawa kwenye kinamasi. Wandera alimwamkia kwa adabu. Alisema, "Afande, ni wewe na mimi tu tunaoamka mapema hivi," akatabasamu, akapita, funguo zake zikilia kwenye mkanda wa suruali. Afande hakuingia mitini kutazama. Alirudi nyumbani akafunga mlango.

"Mimi naingia chini ya kitanda," alisema. "Mzee kama mimi. Nakaa huko mpaka jua iko juu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani naamini mimi? Yeye kijana ya kanisa, mimi askari. Na hiyo si sababu, mama. Sababu ni naogopa. Naogopa yeye kushinda vita." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nasema, kama mimi iko kwa njia na mbwa kila siku, yeye hapana rudi. Lakini njia iko mingi."

Nilihisi baridi, kisha hasira. Nilikuwa nimesimama mbele ya umati kwa ajili ya mtu huyu. "Akoth alipoteza jicho, Afande."

"Najua," alisema. "Kila asubuhi najua."

Nilikuwa nimeshatoa simu. Ilikuwa saa ya shule kufunga. Nilipiga, ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilikuwa nikitembea huku na huku mbele ya duka, dada yake amenishika bega, na akilini nilimwona Wandera amesimama getini pa shule akimfutia binti yangu kiti cha pikipiki kwa kitambaa, kama afanyavyo siku zote. Mara ya tatu Nabwire alipokea. Alikuwa bado darasani akifagia. Nilimwambia aende kwa matroni, akae hapo, asipande pikipiki ya mtu yeyote mpaka mjomba wake aje. Aliuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, na sauti yangu ikanisaliti, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa hakubishana nami.

Nilimpigia na kaka yangu aende kumchukua, kisha nikasema nakwenda polisi, hapahapa Tororo, sasa hivi. Sikumwomba Afande chochote. Nilikuwa sitaki hata kumtazama. Lakini nilisikia kiti kikilia nyuma yangu, na yeye akimwambia dada yake amletee koti.

Wandera alikamatwa siku chache baadaye akiwa upande wa pili wa mpaka. Akoth alipoitwa kusikiliza mlio wa funguo zake alikaa sakafuni akaziba masikio, na hakuna aliyehitaji kumuuliza zaidi. Kesi haijaisha. Wapo mtaani wanaosema tumemsingizia kijana wa watu, na baadhi yao bado hunywa chai kwangu. Afande sitamwona mahakamani. Kikohozi kilimmaliza kabla ya mvua za pili. Nimejaribu kumkasirikia na nimejaribu kumsamehe, na siku nyingi nafanya yote mawili kabla maji hayajachemka.

Ila nilimwona pale kituoni. Chumba kilikuwa kidogo, mlango mmoja, na aliingia. Aliyetupokea alikuwa polisi mwanamke, kijana, mwenye subira. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba maelezo yake yatasomwa mahakamani na mshtakiwa atajua ni nani aliyesema. Akamuuliza kama bado anataka yaandikwe. Afande alishika ukingo wa meza ili mikono itulie. Akataja jina lake, yote matatu, polepole ili kalamu imfikie, na katika miaka yote ya ujirani mimi sikuwahi kulisikia.

Yule polisi alimtazama alivyokuwa akitetemeka. "Mzee, unaogopa?"

"Sana," alisema. "Andika."